Jeki ya tani 10 na nozeli zilizosingiziwa kifo

Hiace yangu inabeba watoto wa shule. Saa kumi na moja na nusu alfajiri inatakiwa iwe imeshawaka, dereva ameshafuta vioo, ianze kukusanya watoto kuanzia Segerea mwisho. Injini yake ni 3L, dizeli ya zamani isiyojua kompyuta, na kwa kweli ndicho kilichonifanya niinunue. Masika ya mwaka huu ikaanza tabia. Unaizungusha mara nne, inakohoa, inatoa moshi mweupe wa kufukuza mbu mtaa mzima, halafu inashika kwa miguu mitatu, yaani silinda tatu kati ya nne, huku ikitikisa hadi viti vya nyuma. Ikipata moto inatulia kidogo, ila mlio wa kugonga hauishi. Mzazi mmoja akaniambia kwa upole, "Baba, siku hizi namsikia mwanangu anakuja kabla hamjafika kona."

Fundi wangu pale Tabata akafanya jaribio ambalo kila fundi wa dizeli analijua. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, alilegeza nati za paipu za nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, moja baada ya nyingine. Ukilegeza ya silinda nzima, injini inayumba kama mtu aliyekanyagwa kidole. Akalegeza ya kwanza: ikayumba. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu: kimya, hakuna kilichobadilika, tena ule mgongano ukapungua. Ya nne ikayumba. "Mgonjwa wako huyu wa tatu," akasema. "Ila zipelekwe zote zikapimwe."

Nikazipeleka kwenye duka moja la pampu na nozeli. Nililipa elfu tano kwa kila moja, kijana wa kaunta akaingia nazo nyuma ya mlango, nikakaa kwenye benchi nikisikiliza feni. Baada ya dakika ishirini akatoka.

"Zote nne zimekufa, bosi."

"Zimekufa vipi?"

"Presha hamna. Weka mpya tu, laki nne na themanini seti, na kufunga."

Nikamwomba anipeleke nikaone zikipimwa. Wateja hawaingii huko, akasema. Nikamwomba basi aniandikie kila moja imefunguka kwa presha gani. Akanitazama kama nimemwomba namba ya siri ya simu.

Mimi ni fundi friji na viyoyozi, mwaka wa kumi na nane huu. Sijawahi kumwambia mteja kompresa yake imekufa bila kumwonyesha mita kwa macho yake. Akili ya kawaida pia ilikataa: kama zote nne zimekufa, mbona injini iliyumba zile tatu zilipolegezwa? Nikaweka nozeli zangu kwenye mfuko, nikapanda bajaji. Nilipofika nyumbani nilishaamua: nitatengeneza kipimo changu.

Kwa asiyejua, kifaa chenyewe hakina uchawi. Nozeli ya dizeli, na huku kwetu tunaita hivyo mwili mzima pamoja na kichwa chake, ndani ina sindano iliyokandamizwa na springi. Pampu inasukuma mafuta, presha inapanda, ikifika kiwango fulani inaishinda springi, sindano inanyanyuka, dizeli inatoka kama ukungu. Presha ikishuka, sindano inarudi kufunga. Kwenye injini kama yangu, ambapo dizeli hupulizwa kwenye kichumba cha pembeni na siyo moja kwa moja juu ya pistoni, kufunguka huwa kwa kawaida kati ya bar 100 na 160, bar ikiwa ni kipimo cha presha. Injini zinazopuliza juu ya pistoni hutaka zaidi, mara nyingi 180 hadi 250. Kwa hiyo unahitaji vitu vitatu: pampu ya mkono inayofika huko, geji ya kusomea, na paipu ya chuma ya kufungia nozeli.

Wazo la kwanza lilikuwa la kifundi friji, na lilikuwa la kijinga. Nina geji nyingi. Lakini ile nyekundu ya gesi ya R410A inaishia bar 55, na gesi yenyewe kwa joto la Dar hucheza kwenye 27 hivi, na hiyo tayari naiheshimu. Hapa tunazungumzia mara tano yake. Nikazirudisha kwenye boksi.

Kilichobaki ni jeki. Jeki ya mafuta, ile ya kusimama kama chupa, ni pampu ya presha kubwa ambayo tumezoea kuitumia kunyanyulia tu. Nilikuwa na ya tani 10 iliyolala chini ya ngazi tangu niuze Canter. Nikapima mkonga wake, ile nguzo inayopanda: upana milimita 38, yaani eneo la sentimita za mraba 11 na kidogo. Gawanya kilo 10,000 kwa hizo, unapata zaidi ya kilo 880 kwa kila sentimita ya mraba. Kilo moja kwa sentimita ya mraba ni karibu bar moja, kwa hiyo bar mia na hamsini kwake ni mchezo.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo hiyo inafanya kazi kinyume. Kwenye bar 150, mkonga unasukuma juu kwa nguvu ya tani 1.7. Usipouzuia unapanda, presha haijengeki. Ukiuzuia na kitu dhaifu, kitu hicho kitaruka. Fremu yangu ya kwanza niliichomelea kwa angolaini nyembamba iliyobaki kwenye dirisha la choo. Nilipopampu, chuma cha juu kikaanza kupinda taratibu kama upinde, nami nimesimama mbele yake na kandambili. Nikafungua vali, nikaondoka kwenda kunywa maji. Fremu ya pili nilitengeneza kwa chaneli nzito, vipande vya chesisi ya lori nilivyopata Tabata Dampo kwa elfu kumi na mbili, na hiyo haijatikisika hadi leo.

Sasa presha itoke wapi kwenda kwenye nozeli? Hapo ndipo nilipoharibu kabla ya kutengeneza. Kwenye kitako cha jeki kuna njia tatu ndogo. Moja inaleta mafuta kutoka kwenye tangi kwenda kwa pampu, ina golori ya kuzuia yasirudi. Ya pili inatoka kwa pampu kwenda chini ya mkonga, nayo ina golori yake. Ya tatu ni ya vali ya kushushia, inarudisha mafuta tangini. Unatakiwa utoboe ile sehemu iliyo baada ya golori ya pili. Mimi nikaweka drili, nikatoboa kwa kujiamini kabisa, umeme ukakatika katikati, ukarudi baada ya saa mbili, nikamalizia, nikakata nyuzi, nikafunga geji. Nikapampu. Sindano ya geji haikutikisika hata kidogo. Mke wangu alipita na ndoo akauliza, "Imepona?" Nikamwambia bado iko wodini.

Jumamosi nikaibeba hadi Gerezani kwa mzee mmoja anayekereza vyuma, mtu ambaye amenichongea bushi za mota za feni miaka yote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo jeki unataka kuiua?"

Nikamweleza. Hakusema kitu, akachukua spoku ya baiskeli akaiingiza kwenye tundu langu, akaipima kwa kidole gumba, akaiingiza upande wa vali. "Mwanangu, umetoboa mlango wa kuingilia. Mafuta yanatokea huku." Akaziba tundu langu kwa boliti fupi yenye washa ya kopa, akatoboa jipya upande wa pili, akakata nyuzi za robo inchi safi kuliko zangu, akanichongea na kiungio cha tii: upande mmoja geji, upande mwingine nyuzi za M12, yaani za upana wa milimita 12, zinazopokea nati ya paipu ya nozeli ya Toyota, ile ya spana 17. Elfu thelathini na tano. Akakataa kunirudishia jeki kabla sijaifungua yote mbele yake na kuiosha kwa petroli, maana unga wa chuma ukibaki ndani unakwenda kukaa chini ya golori, na hapo utalia na vali isiyoziba mpaka uzeeke.

Geji nilinunua Kariakoo, ya bar 400, yenye glisirini ndani. Usinunue kavu. Nozeli ikifunguka presha inaanguka ghafla, sindano ya geji inapigwa kofi kila mara, na geji kavu itakufa wiki ya kwanza. Kwa kuwa siamini geji mpya ya bei ya elfu arobaini na tano, niliipeleka kwa jamaa wanaotengeneza mipira ya haidroliki Barabara ya Nyerere, wakaifunga sambamba na yao. Kwenye 100 zilikubaliana, kwenye 200 yangu ilisoma 205. Naweza kuishi na hilo.

Paipu ni ya chuma, iliyotoka kwenye Hiace ya skrepa, na haina mbadala. Usiniulize kuhusu mpira.

Ndani nilimwaga oili ya jeki nikaweka dizeli safi iliyopita kwenye filta mpya. Mipira ya jeki yangu imevumilia, ila ya zamani sana inaweza kuvimba.

Halafu kikaja kitu ambacho nadhani duka lile hawakifanyi, au labda wanakifanya nyuma ya mlango: kukipima kipimo chenyewe. Kwenye friji huwezi kujaza gesi kabla hujabana nitrojeni ukaiacha ikae uone kama inashuka. Nikaziba mdomo wa paipu, nikapandisha hadi 200, nikatazama saa. Baada ya dakika moja ilikuwa 160. Nisingejua hilo, ningezihukumu nozeli zote kuwa zinavuja, kumbe mwizi yuko ndani ya jeki. Nikafungua, nikaweka golori mpya kwenye vali ya kushushia, nikaigonga mara moja kwa pini na nyundo ndogo ili ijitengenezee kalio lake, nikafunga. Safari hii 200 ikashuka hadi 195 kwa dakika. Jaribio la nozeli lenyewe ni la sekunde kumi, kwa hiyo inatosha.

Kabla sijasema kilichotokea, hapa naomba unisikilize vizuri. Dizeli inayotoka kwenye nozeli inapenya ngozi. Huhisi kama umekatwa, unaona kidoa kama cha sindano, pengine hakuna hata maumivu ya maana, halafu saa chache baadaye kidole kimevimba na nyama ndani inaoza. Ikikutokea usisubiri hadi asubuhi. Nenda hospitali kubwa muda huo huo, uwaambie kwa maneno haya haya: dizeli ya presha imeingia ndani ya mkono. Ni kazi ya upasuaji, na kuchelewa ndiko kunakokata vidole. Mimi napulizia ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana iliyowekwa kwenye ndoo, navaa miwani, mlango wazi, hakuna jiko wala sigara karibu, kwa sababu ule ukungu unawaka na ukiuvuta unaumiza mapafu. Nilishika gazeti mbele ya nozeli siku ya kwanza ili nione umbo la mpulizo. Lilitoboka. Sijarudia.

Namna ya kupima: funga nozeli, pampu haraka mara kadhaa hewa itoke. Mwanzoni mikono thelathini inapita bure, kisha ghafla mkono unakuwa mzito, na kuanzia hapo nusu ya mkono mmoja inatosha. Sasa bonyeza polepole huku jicho liko kwenye geji. Sindano ya geji inapanda, inapanda, inaanguka: pale ilipoanzia kuanguka ndipo nozeli ilipofunguka. Sikiliza pia. Nozeli nzima ya aina hii hulia, inakoroma kwa sauti kavu ya kukatakata kama mlango wa zamani unaofunguliwa taratibu. Iliyochoka inatoa tu mkojo.

Ya kwanza: 141, inakoroma, ukungu mmoja uliosimama wima. Ya pili: 139. Nikaruka ya tatu makusudi, nikapima ya nne: 143. Kisha nikazirudia zote tatu kwa jaribio la kuvuja: unapandisha hadi bar 20 chini ya pale inapofunguka, unashikilia sekunde kumi, unatazama ncha. Zote tatu zilikaa kavu. Hizi ndizo maiti nilizoambiwa nizike kwa laki nne na themanini.

Ya tatu ilifunguka 118, haikukoroma, na mpulizo wake ulikuwa umelala upande kama mvua ya upepo. Kwenye 98, sekunde ya nne, tone likajikusanya nchani, likaning'inia, likadondoka. Nilimwita mke wangu aje alione. Akaliona. Akasema, "Ndiyo hilo tu?" Nikamwambia ndiyo hilo, hilo tone ndilo linalowaka wakati usio wake na kugonga injini, ndilo moshi mweupe wa alfajiri.

Nikaifungua. Sindano na mwili wake ni mume na mke, zimesagwa pamoja kiwandani kwa nafasi ya sehemu chache tu za elfu za milimita. Huchanganyi ya huku na ya kule, na msasa haugusi. Nilitumia brashi ya shaba nje, kijiti cha mti ndani, na dizeli safi. Jaribio lake ni zuri kulitazama: unaichomoa sindano theluthi moja, unaiachia, nzima inazama yenyewe kwa uzito wake, pole pole, bila kukwama. Yangu ilikwama njiani. Ilikuwa na doa la kutu la kahawia upande mmoja, na kutu ndani ya nozeli maana yake ni maji kwenye dizeli. Nikamkumbuka dereva wangu, nikamuuliza. Akakiri kwamba kuna kipindi alikuwa anajaza kutoka kwenye madumu ya mtu kwa sababu ilikuwa nafuu kwa shilingi mia mbili. Sikumfokea. Nilimwonyesha sindano.

Kuosha hakukuiponya, ikarudi 118 na tone lake. Nikanunua kichwa kipya kimoja, sindano na mwili wake pamoja, elfu thelathini na mbili, nikakiosha ile grisi ya kiwandani, nikafunga kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa sababu nati ikikazwa kwa hasira sindano inabanwa. Ikafunguka 126: kavu, inakoroma, lakini chini kuliko wenzake, springi imechoka. Dawa ya hapo ni shimu, ile washa nyembamba inayokaa juu ya springi. Nikaongeza ya milimita 0.10, ikapanda hadi 140. Nne zikawa 141, 139, 140, 143. Usichukue namba zangu kama sheria, kitabu cha injini yako ndicho hakimu. Na kama gari lako ni la kisasa, zile nozeli zenye waya za umeme juu na presha za zaidi ya bar 1,000, kifaa hiki hakikuhusu kabisa, hata usijaribu.

Watu wameniuliza gharama. Jeki nilikuwa nayo. Geji, kuchonga, vyuma, golori, washa, paipu, vimefika kama laki moja na kumi, ukiongeza Jumamosi tatu na fremu moja ya aibu. Kipimo cha Kichina kilichokamilika nilikiona dukani kwa laki tatu na nusu. Ukiwa na kazi nyingi na hupendi kushika drili, kanunue hicho. Mimi sikuwa natafuta kuokoa hela peke yake, nilitaka kuona sindano ikianguka.

Nilizifunga na washa mpya za kopa, tukatoa hewa, dereva akazungusha. Ilishika mara ya pili, kwa miguu yote minne. Moshi ulitoka kidogo ukaisha. Asubuhi iliyofuata nilibaki kitandani nikisikiliza: swichi, sekunde chache za plagi kupasha moto, mzunguko mmoja na nusu, ikawaka. Yule mzazi analalamika sasa kwamba gari linafika kabla hajamfunga mtoto kamba za viatu.

Habari imeshasambaa kwa mafundi wa mtaani. Juzi usiku aligonga kijana anayetoka upande wa Feri, ana nozeli mbili za injini ya boti zimefungwa kwenye gazeti, ananuka samaki na dizeli. "Kaka, nimeambiwa kwako mtu anaruhusiwa kuangalia." Nikamkaribisha, nikaweka kiti. Nati zake ni M14, paipu yangu ni M12, haziingiliani. Amekubali kuziacha. Jumamosi narudi Gerezani kwa mzee.